Kitabu Hiki ni cha Nani?

Juma hili nimepata barua ya baba mmoja wa upande wa Mahenge, nami naona yafaa kuijibu hapa mbele ya wote, maana neno lake ni neno la nyumba nyingi.

Asema hivi: vijana wa kigango chao wamefanya shauri la kusoma. Tangu Juni mpaka mwisho wa Agosti, wakati wa kipupwe, mpunga ukiisha kuingia ghalani, kila nyumba itasoma vitabu vitano. Wala si vitabu vyo vyote tu, kila kitabu kina fungu lake. Cha kwanza kiwe cha maisha ya mtu wa kweli. Cha pili kiwe cha kufumbua siri. Cha tatu kiwe cha kusomwa kwa sauti na watu wengi. Cha nne kiwe kimetungwa na mtu wa kijijini. Cha tano kiwe kitabu ambacho watu walikibishania. Nyumba itakayomaliza itasimama mbele ya wenzake Jumapili ya kwanza ya Septemba, ieleze ilichosoma.

Baba huyu ana binti aliyemaliza darasa la saba mwaka juzi, wala hakuendelea. "Alikuwa msomaji hodari," aandika, "lakini sasa hata barua ya shangazi yake aisoma kwa kusitasita. Naona elimu yake yavuja kama maji katika pakacha. Fedha niliyo nayo yatosha vitabu viwili, labda vitatu. Nikikosea kuchagua, sina fedha ya kuchagua tena. Bwana Mwandishi, ninunue nini?"

Barua hii ilinichoma, maana kosa analoliogopa yeye, mimi nimekwisha kulifanya.

Mwaka mmoja mpwa wangu, mtoto wa miaka kumi na mitatu, aliingia katika shindano la namna hii wakati wa likizo. Fungu mojawapo lilisema: kitabu cha mwandishi aliyepata sifa duniani. Mimi, kwa kutaka kuonekana mjomba mwenye maarifa, nikamnunulia Peponi cha Abdulrazak Gurnah. Wajua kwamba bwana huyu, mzaliwa wa Unguja, alipewa Tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 2021, na kitabu chake hiki alichokiandika kwa Kiingereza mwaka 1994 kimekwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis. Ni kitabu kizuri sana. Lakini ni kitabu cha mtu mzima. Mtoto alisoma kurasa kumi, akakiweka chini ya mto, akaona haya kuniambia. Likizo ilipokwisha alisema, "Mjomba, mimi si mtu wa vitabu." Miaka miwili hakugusa kingine.

Kitabu hakikuwa na kosa. Mtoto hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu: nilitazama fungu, sikumtazama msomaji. Nilimvika kijana koti la babu yake, kisha nikastaajabu kwamba hatembei vizuri.

Basi neno langu la leo ni hili: mtazame msomaji kwanza, halafu litazame fungu. Fungu ni mlango wa kuingilia, si ukuta wa kuzuia watu.

Mtu asiseme kwamba kusoma kwa majira na kwa mafungu ni mambo ya wazungu au ya watu wa mjini. Wazee wengi wakumbuka mwaka 1973, ilipofanywa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wapatao milioni 2 katika Tanzania walikutana kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakazungumza. Kila mara palikuwa na jambo lake: malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu. Wengi walikuwa wakulima waliojua kusoma kwa shida. Lakini kijitabu kiliwahusu, tena kilisema habari za visima vyao na vyoo vyao. Walipokwisha kusoma wakashika majembe, wakachimba vyoo. Kitabu kikimgusa msomaji mahali alipo, hata msomaji dhaifu hufika mwisho.

Haya, sasa tuyapitie mafungu ya Mahenge moja moja.

Jumamosi nilitoka Magogoni kwa miguu, nikaiacha Feri na harufu ya samaki wake, nikapita Kanisa la Mtakatifu Yosefu, nikaingia maduka ya vitabu ya mtaa wa Samora. Kisha nikapanda mpaka Maktaba Kuu ya Taifa katika barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967. Mwisho nikashuka Kariakoo, kwa wachuuzi wanaotandaza vitabu vya mitumba chini. Nilikuwa na barua mfukoni, na kila niliposhika kitabu nilijiuliza: hiki ni cha nani katika nyumba ile?

Fungu la kwanza, maisha ya mtu wa kweli. Hapa sikusita. Ni Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya maskini. Shule hakupata. Aliuza vyungu, akivichukua kutoka shamba mpaka mjini. Lakini alikuwa na sauti, naye akaifanyia kazi, hata mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay, Bara Hindi, kwenda kuimba katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950, jina lake likijulikana pwani nzima. Kitabu ni chembamba. Msichana aliyeachwa nyumbani, akidhani mlango umefungwa, atakutana humo na mwanamke ambaye mlango kwake haukupata kufunguliwa, naye akapita. Hiki kinunuliwe, tena kiwe cha binti mwenyewe. Jina lake liandikwe ukurasa wa kwanza.

Fungu la pili, kufumbua siri. Chukueni Mzimu wa Watu wa Kale cha Mohamed Said Abdulla wa Unguja. Kilishinda katika shindano la hadithi la Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki la 1957 na 1958, kikapigwa chapa mwaka 1960. Mtu tajiri amekutwa amekufa mzimuni, na watu wanong'ona kwamba ni kazi ya mizimu. Bwana Msa haamini minong'ono, atazama nyayo, auliza maswali, afikiri. Hiki ni kitabu cha mtu aliyekata tamaa ya kusoma, maana ukianza huwezi kulala kabla ya kujua nani aliyeua. Ndicho kilichomrudisha mpwa wangu. Alikikuta kwa rafiki yake, akakisoma siku tatu. Mimi nilikaa kimya, maana safari hii alichagua mwenyewe.

Fungu la tatu, kusoma kwa sauti. Ni Kinjeketile cha Ebrahim Hussein, kilichotoka mwaka 1969. Ni mchezo wa kuigiza, habari za Kinjeketile wa Ngarambe na Vita vya Maji Maji vya 1905 mpaka 1907. Vita hivyo vilifika mpaka Mahenge penyewe, kwa hiyo babu na bibi watakuwa na maneno ya kuongeza waliyoyasikia kwa wazee wao. Gaweni sehemu. Baba asome mmoja, mama mwingine, watoto wawe askari na wakulima. Asiyejua kusoma asikilize na kuhukumu nani asoma vizuri. Kitabu kimoja cha watu saba si ghali.

Fungu la nne, mtu wa kijijini. Ndugu zangu, hapa nataka kukaa kidogo.

Alikuwako mkatekista katika kisiwa cha Ukerewe, jina lake Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Aliandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na mkewe Bugonoka, mume na mke waliopendana lakini mwanzoni hawakuwa na mtoto. Wakwe waliona aibu, wakamchukua binti yao. Mume akamfuata kumrudisha. Humo mna kilimo, uvuvi, dawa, mahari, ugomvi, kicheko, maisha yote ya zamani ya watu wa ziwani. Alikimaliza mwaka 1945. Hakupata mtu wa kukipiga chapa kwa Kikerewe. Akangoja. Alipokuwa mzee akaketi tena, akakiandika chote upya kwa Kiswahili. Kilipigwa chapa mwaka 1980, na mwaka 1981 mzee akafariki. Miaka 35 toka siku alipoweka kalamu chini! Hata hivyo kazi yake haikupotea. Imekwisha kutafsiriwa kwa Kijerumani na kwa Kiingereza, nao watu wa mbali wasoma habari za Ukerewe.

Kitabu hiki ni kinene. Msimpe binti peke yake, mtaurudia ule ukaidi wangu. Kisomwe kidogo kidogo jioni, kwa sauti, mama na bibi wakiwapo, kwa kuwa wao ndio watakaokifahamu kwanza. Lakini niseme kweli: Kariakoo sikukiona. Atakayekwenda mjini akiulize katika maktaba ya mkoa. Kama hakipatikani, msikwame. Shaaban Robert naye alizaliwa kijijini, Vibambani upande wa Tanga, mwaka 1909. Adili na Nduguze chake kitafaa, tena chafaa watoto. Ndiyo maana nasema fungu ni mlango: kitabu kimoja kikikosekana, kingine hupita papo hapo.

Fungu la tano, kitabu kilichobishaniwa. Hapa nasema nawe, baba wa Mahenge. Kitabu ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi, naye vilevile mtu wa Ukerewe. Kilitoka mwaka 1971, kikazuiliwa shuleni kwa muda, baadaye kikasomeshwa. Ni habari za binti aliyelelewa kwa ukali mkubwa na baba mlevi, na mambo yaliyomkuta alipotoka nyumbani asijue dunia. Kina maneno mazito. Usimtupie binti yako ukaenda zako. Kisome wewe kwanza, kisha mama yake akisome, halafu ninyi wawili mwamue. Labda mtaona kwamba kitabu hiki kiliandikwa kwa ajili ya akina baba kuliko mabinti. Mimi nilipokimaliza nilikaa kimya muda mrefu, nikiwafikiri watoto wa nyumba yangu.

Sasa habari ya fedha. Wewe una fedha ya vitabu viwili, na jirani yako pengine ana ya kimoja. Kwa nini kila nyumba ihangaike kununua vitano? Nyumba tano zipatane. Kila moja inunue kimoja, kisicho cha mwenzake. Kila baada ya majuma mawili vitabu vibadilishane nyumba. Juni, Julai na Agosti ni majuma 13. Kwa majuma kumi kila nyumba itakuwa imevipokea vyote vitano, na majuma matatu yatabaki kwa kumalizia kile kinene. Kila kitabu kifungwe jalada la karatasi ya khaki, na pawe na daftari la kuandika nani anacho. Kilicholowa au kuchanika, aliyekuwa nacho asiadhibiwe ila akitengeneze kwa gundi.

Na mtakapomtuma mtu kununua mitumba, mwambieni afungue kitabu katikati na mwishoni, ahesabu kurasa. Kitabu cha Bwana Msa kisicho na kurasa za mwisho ni adhabu, si kitabu. Avitafute zaidi vile vilivyowahi kusomwa shuleni, maana ndivyo vinavyoonekana kwa wingi chini pale.

Neno la mwisho ni juu ya binti. Baba, usimwambie, "Soma, maana unasahau." Mwambie, "Bibi yako ataka kusikia habari za Siti, naye macho hayaoni." Mwanzoni atasitasita, na bibi atamngoja, maana bibi hana haraka. Juma la kwanza atasoma ukurasa mmoja. Msimsahihishe kila neno. Juma la tatu mtamsikia akisoma peke yake jikoni, ugali ukiungua. Siku hiyo msimgombeze kwa ugali.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: fedha yako inunue Siti binti Saad na Mzimu wa Watu wa Kale. Kimoja kitampa moyo, kingine kitamzuia kulala. Vitatu vilivyobaki viazimwe kwa majirani. Na kama Septemba ikifika mmemaliza vitatu tu, simameni mbele ya wenzenu na hivyo vitatu, mseme bila haya. Shindano litakwisha Jumapili ile, lakini msomaji wenu atabaki nyumbani mwenu, na Oktoba vuli ikianza atauliza, "Baba, kitabu kingine kiko wapi?"

Nyumba nyingine zikianza shauri kama hili, niandikieni mafungu yenu, na mnitajie pia watu wa nyumba: nani mzee, nani mtoto, nani ameacha kusoma. Bila hayo siwezi kuchagua. Haya, kwaherini mpaka juma lijalo.