KOMPYUTA KUUKUU MBELE YA LANGO LA CHUO KIKUU

Mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Uganda aliyerithi kompyuta kuukuu kwa kaka yake aweza kuwa na jina sahihi na neno la siri sahihi, na bado akakataliwa na mtandao wa chuo usiotumia waya. Wengi husema mashine imezeeka, basi. Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo ya haraka.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi mtandao wenyewe unavyofanya kazi. Eduroam, ambao wazo lake lilitoka Uholanzi mwaka 2002, nchini Uganda huendeshwa na RENU, umoja wa vyuo na taasisi za utafiti. Mwanafunzi aombapo kuingia, ombi lake hupelekwa kwenye chuo chake mwenyewe, hata kama siku hiyo yu mgeni katika chuo kingine. Kabla ya kupokea neno la siri, chuo huionyesha kompyuta cheti cha utambulisho. Yaani mlinzi humkagua mgeni, na mgeni naye humkagua mlinzi. Kwa mtu aliyezoea lango la kambi, ukaguzi huu wa pili ndio wenye thamani kubwa. Nao ndio unaopuuzwa.

Hapo ndipo kompyuta kuukuu hukwama. Ndani yake mna betri ndogo mfano wa sarafu inayotunza saa. Betri ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na cheti halali huonekana kama hakijaanza kutumika. Mtandao nao hauwezi kuisahihisha saa ya mashine ambayo haujaiingiza. Sharti mwenyewe airekebishe kwa mkono. Windows 7 ina ila nyingine: bila sasisho na mpangilio maalumu, haitumii TLS 1.2 katika mazungumzo hayo ya langoni. Na kadi ya redio ijuayo WEP tu, fumbo ambalo udhaifu wake ulifichuliwa mwaka 2001, haina budi kubadilishwa.

Lakini mwanafunzi huambiwa nini? Huambiwa azime ukaguzi wa cheti. Kompyuta huingia papo hapo na kila mtu hufurahi. Tangu saa hiyo, mwovu yeyote aliyeketi bwenini au kwenye kibanda cha chai, na kituo chake kidogo alichokiita eduroam, aweza kupokea neno la siri, ama waziwazi ama katika fumbo jepesi kufumbuliwa. Mara nyingi neno hilo hilo ndilo lifungualo barua zake na matokeo ya mitihani.

Jambo hili litazidi, kwa kuwa Windows 10 nayo ilikoma kupata matengenezo ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zinazoitumia hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa maoni yetu, vyuo visilegeze lango, wala visimwambie mtoto wa mkulima akanunue kompyuta mpya. Viweke fundi wakati wa usajili, aanze na saa. Betri hiyo, ambayo katika mashine nyingi ni namba CR2032, hupatikana hata kwa mafundi wa saa.