Shali ya maua na desturi zetu: jibu kwa kamati



Katika mkutano wa kutayarisha siku ya utamaduni, hapa Bukavu, nilileta shali. Niliiweka juu ya meza pamoja na vitu ambavyo wanachama wengine walileta: vikapu, vibuyu vya maziwa, ngoma, na kitambaa kimoja kizuri sana cha rafia kutoka Kasai. Kamati ilipita meza kwa meza, ikaandika kila kitu katika daftari. Walipofika kwa shali, mzee mmoja ninayemheshimu aliiinua kwa vidole viwili, akatabasamu, akaniambia: "Mama, hii iko kazi nzuri, lakini haiko desturi yetu. Ile njo mambo ya masista." Wakapita. Katika daftari hawakuandika kitu.

Siku ile sikujibu, juu mbele ya watu mtoto hamjibu mzee wake. Lakini kijitabu hiki ni baraza, na katika baraza kila mtu anapewa neno. Ninachukua langu sasa, na ninamuomba mzee wangu anisome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Kwanza tujue ni kitu gani kilichoachwa juu ya meza. Watu wengi, hasa wanaume, wanawaza kama krosheti ni vile vitambaa vya kufunika viti vya saluni na televisheni, basi. Shali ya maua ni kazi nyingine. Inafumwa kipande kwa kipande, na kila kipande wamama wanakiita ua. Unaanza na mnyororo mfupi, ile masista waliita sheneti, unaufunga uwe pete ndogo, kiisha unazunguka pete ile duru kwa duru mpaka ua linakuwa na pembe sita. Hapo linatosha kiganja cha mkono. Shali ninayosema ina safu 12: ya juu ina maua 12, ya chini yake 11, inayofuata 10, mpaka ncha inabaki na ua moja. Jumla ni maua 78. Kwa mkono uliozoea, ua moja linachukua karibu dakika 40. Mwenye kupenda hesabu apige hesabu: ni saa 52, bila kuhesabu kuifua na kuinyoosha.

Akili yote ya kazi iko katika kuunganisha. Anayeanza hufuma maua yake yote kwanza, kiisha anayashona kwa sindano, na mishono inaonekana kama kovu. Fundi hashoni. Anapofika katika duru ya mwisho ya ua jipya, anatoa krosheti katika kitanzi, anaipitisha katika kitanzi cha ua la jirani, anavuta uzi, anaendelea. Ua linazaliwa likiwa limekwisha kushikana na ndugu zake. Katikati ya shali, kila ua linashika mengine sita, na hakuna mahali unapoweza kusema hapa njo waliunganisha. Ukivuta uzi kwa nguvu kidogo kuliko jana, safu nzima inakunjamana. Ukilegeza, inaning'inia. Ndiyo maana mafundi wa zamani hawakukubali kuazimana krosheti, hata na dada yake mtu. Ya mama yangu ilikuwa ya waya wa gurudumu la baiskeli, uliosuguliwa juu ya jiwe mpaka ukalainika, na mpini wa mti. Sista hakumpa ile. Aliitengenezewa Kadutu.

Sasa nije kwa neno la mzee wangu. Anasema ni mambo ya masista. Ni kweli, na sitaficha. Kazi hii ilifika kwetu kwa misheni, na baada ya vita ya pili ya dunia ilitiwa nguvu na fuaye sosiale za serikali ya Wabelgiji, ambako wanawake wa mjini walifundishwa kushona, kufuma, kupika na kupanga nyumba. Na nitasema tena jambo ambalo mzee hakulisema: masomo yale hayakuwa ya bure. Kijana mwanaume alifundishwa kuwa karani au fundi wa mashine, msichana alifundishwa kuwa bibi mwema wa karani. Walimpa sindano ili akae nyumbani. Kama kamati ingekataa krosheti kwa sababu hii, tungezungumza lugha moja. Lakini hawakuikataa kwa sababu hii. Waliikataa kwa kuwa imetoka mbali. Hapo njo tunaachana.

Maana programu ya siku ya utamaduni ninayo mkononi. Jambo la kwanza lililoandikwa ni nyimbo za wavuvi wa sambaza. Vizuri sana! Nani asiyezipenda? Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, taa usiku juu ya maji, na wanaume wakiimba ili wapige kasia kwa pamoja. Wageni wanaipiga picha kama alama ya ziwa letu. Lakini, mzee wangu, sambaza ilitoka wapi? Katika ziwa Kivu haikuwako. Ililetwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji, na uvuvi wake mkubwa ulikuja nyuma yake. Bibi yangu alikuwa amekwisha kushika krosheti wakati hakuna mtu wa Bukavu aliyekuwa amevua sambaza hata moja hapa. Samaki aliyekuja nyuma ni desturi, kazi ya mkono iliyotangulia ni ugeni. Nani atanifasiria?

Na tuendelee mezani. Sambaza tunaila na bugali ya muhogo, na muhogo ulitoka Amerika ya Kusini pamoja na Wareno. Kamati yote siku ile ilivaa vitenge vya waksi vilivyoshonwa sare, na waksi ni batiki ya Java iliyoigwa na viwanda vya Uholanzi. Vlisco, ambao jina lake wamama wetu wanalijua kama wanavyojua majina ya watoto wao, walianza kazi Helmond mwaka 1846. Na ile rafia ya Kasai iliyoandikwa katika daftari kwa herufi kubwa? Ni kazi ya Wakuba, ni utajiri wa Kongo nzima, ninaisifu. Ila haiko ya Kivu. Toka hapa mpaka kwa Wakuba ni mbali kuliko toka Kadutu mpaka nyumba ya masista. Na kama wana kamati wangeuliza namna inavyotengenezwa, wangeambiwa kwamba wanaume wanafuma vipande, wanawake wanavitarizi, kiisha vipande vingi vinaunganishwa kuwa sketi moja ndefu. Kipande kwa kipande, mikono mingi, vazi moja. Wameisifu akili ileile waliyoipita mezani.

Wengine watasema: basi krosheti angalau ni desturi ya Wazungu, tuwaachie. Hao hawajui hata historia ya Wazungu. Mwaka 1845 viazi vilianza kuoza katika mashamba ya Irlandi, na njaa iliyofuata iliua karibu watu milioni moja. Katika ile njaa, masista Waursula na wake wa wachungaji Waprotestanti waliwafundisha wanawake maskini krosheti, sababu ilitaka tu uzi na ndoano ndogo, na ilikwenda mbio kuliko dantela ya sindano. Walifuma kwa kugawana: huyu mawaridi tu, yule majani tu, na mwingine alipanga vipande juu ya kitambaa, akajaza katikati wavu wa uzi mpaka vyote vikashikana. Ilijulikana hasa katika mji wa Clones. Sura yake wenyewe waliiga dantela ya Venezia, na wala hawakuona haya. Leo Mwairlandi akikuonyesha kazi ile anasema ni yetu, na hakuna anayemwambia ni mambo ya masista.

Hata Wabelgiji wenyewe waliotuletea! Dantela ya Brussels ilifanywa na mikono ya wanawake wengi waliolipwa kidogo, kila mmoja kipande chake, na mwingine wa kuunganisha. Wakati wa vita ya 1914 mpaka 1918, nchi yao ikiwa imekaliwa na Wajerumani, walipata ruhusa ya kuingiza uzi na kutoa dantela ikauzwe nje, ili wafumaji wapate kula. Ni kusema waliotufundisha kama kazi hii ni ya kupamba saluni, wao nyumbani kwao waliijua kama mkate.

Nasi tuliijua hivyo pia. Miaka ya 1990, serikali ilipoacha kuwalipa walimu mshahara wa maana, wazazi ndio walibeba shule, kwa pesa ile tuliyoita prime. Jambo hilo lilidumu mpaka shule za msingi zilipotangazwa kuwa za bure mwaka 2019. Wengi wanaosoma kijitabu hiki walisoma kwa prime. Ilitoka wapi? Nyumbani kwetu ilitoka katika krosheti. Baba hakuwa na kazi tena. Mama alifuma asubuhi kabla ya soko, alifuma katika foleni ya maji, alifuma kwenye kilio. Hii njo faida ya maua ambayo mwenye kufuma kitambaa kikubwa hana: ua moja linaingia katika mfuko wa kitenge, na vita ikikufukuza unakimbia nalo. Mwaka 1996 tulipoondoka mjini, uzi ulikuwa katikati ya nguo za mtoto mgongoni. Tuliporudi, mashine ya kushona ya jirani yetu ilikuwa imekwisha kuibiwa. Krosheti ya Mama ilikuwa katika nywele zake.

Fuaye ilimpa bibi yangu sindano ili akae nyumbani. Binti yake aliitumia kutoka nyumbani. Mimi naona hapo njo kazi ya kigeni iligeuka yetu, na sijui kamati ingetaka ushahidi gani mwingine.

Nitasema sasa ninachowaza kweli, hata kama kitaumiza. Nyimbo za wavuvi ni za wanaume. Ngoma katika mkutano ililetwa na mwanaume. Kazi ikifanywa na wanaume hadharani, tunauliza ni nzuri namna gani. Ikifanywa na wamama wamekaa chini, tunauliza imetoka wapi. Na jibu hilo lina bei yake sokoni. Bwana mmoja aliyevaa vizuri alinipa dolari 10 kwa shali ya namna ile. Nilipokataa akasema: "Si iko uzi tu?" Dolari 10 kwa saa 52, na uzi unatoka humo humo! Bwana huyohuyo angelipa kikapu bila kelele, sababu kikapu ameambiwa ni utamaduni. Viwanda vinaiga sura ya krosheti, lakini krosheti yenyewe ingali inafumwa kwa mkono. Hata ile blauzi ya bei rahisi inayotoka ng'ambo, kuna mwanamke mahali fulani aliyeinamia vitanzi vyake. Sisi tukiandika katika daftari letu kama kazi hii haiko kitu, tunamsaidia yule bwana kupunguza bei.

Na wasichana wanasikia. Katika mtaa wetu walikuwa watano waliokuja kwangu Jumamosi kujifunza. Baada ya mkutano, wawili hawakurudi. Mmoja aliniambia wazi: "Mama, walisema haiko ya kwetu."

Ninaomba mambo mawili kwa kamati. La kwanza, shali iandikwe katika daftari, na pembeni iandikwe idadi ya maua na saa zilizotumika, kama wanavyoandika umri wa ngoma. La pili, siku ya utamaduni wamama wawekewe nafasi ya kufuma mbele ya watu, kando ya wavuvi, ili watoto waone kitanzi kinavyoshika kitanzi.

Shali ile aliianza Mama. Alifikisha maua 61, macho yakamkataa. Yaliyobaki 17 nimeyafuma mimi, na mwenye jicho ataona upande wa ncha umelegea kidogo, sababu mkono wangu si kama wake. Mzee wangu aje aishike tena, safari hii kwa mikono miwili, nitamwonyesha mahali mkono wa Mama uliishia. Kama hakuna meza, nitaleta ya kwangu.