Sandro na wivu: aliiba ushindi uliokuwa wake

Leo tuwaache majirani wapumzike kidogo, tusafiri hadi Cremona, mji ulioko kaskazini mwa Italia. Huko ndiko ukoo wa Amati ulikounda fidla zake, na ndiko Antonio Stradivari alikofanyia kazi hadi alipofariki mwaka wa 1737. Katika mji kama huo, fundi wa fidla hakuwa mtu wa kupuuzwa.

Kisa chenyewe ni cha kubuni. Mfaransa François Coppée alikitunga kama mchezo wa kuigiza, na mwaka wa 1909 D.W. Griffith akakifanya sinema huko Marekani kwa kampuni ya Biograph. Ni sinema bubu, na inakwisha kwa muda wa robo saa hivi. Nimeitazama mara tatu, na kila mara nimemkasirikia mtu tofauti.

Mara ya kwanza nilimkasirikia baba. Huyu ni fundi mkuu, Taddeo Ferrari, mwenye binti aitwaye Giannina. Kuna shindano la kumtafuta atakayeunda fidla bora, na zawadi ni mkufu wa dhahabu pamoja na Giannina mwenyewe. Ndiyo, umesoma sawasawa. Mkufu na msichana katika zawadi moja! Wala binti hakuulizwa kama anataka.

Giannina ana wake moyoni, naye ni Sandro, kijana anayejifunza kazi. Lakini kuna kijana mwingine, Filippo, ambaye ni mlemavu na anampenda Giannina kimyakimya. Mikono ya Filippo haina mpinzani Cremona nzima. Anajua kwamba waamuzi wakiisikia fidla yake, Sandro hana lake. Anajua pia kwamba Giannina atatoka hapo akilia. Basi anaichukua fidla yake nzuri, anaiweka mahali pa ile ya Sandro, na kuichukua ya Sandro iwe yake.

Sandro naye amekwisha kutambua kwamba kazi ya mwenzake inaishinda yake. Habari ya wema aliotendewa hana. Wivu unamkaba, na kwa siri anazibadilisha fidla zile, akidhani anaiba. Kumbe anaitoa fidla bora kwake na kumrudishia mwenyewe! Soma hapo tena polepole, kwa maana hata mimi ilinibidi kuirudisha picha nyuma.

Ndipo nikamkasirikia Sandro. Alikuwa amekwisha kupendwa, na shindano lilikuwa limekwisha kuwa lake. Angelala tu usingizi wake, asiguse kitu, angeamka na mkufu na mchumba. Ni mara ngapi tumemwona mtu akipekua mifuko ya mwenzake akitafuta jambo ambalo halimo, mpaka upekuzi wenyewe ukawa ndio ugomvi?

Filippo anashinda, Sandro anakiri kosa lake kwa aibu, na mshindi anamwachia msichana ampendaye. Hapa wengi hutoa vitambaa wakafuta machozi. Mimi, ile mara ya tatu, nilimkasirikia Filippo, na najua utanilaumu. Moyo wake ni mwema, hilo silipingi. Lakini naye aliyapanga maisha ya Giannina gizani bila kumwambia yeyote neno. Angemnong'oneza Sandro, “Ndugu yangu, hiyo iliyo kwako usiiguse,” wizi usingekuwapo. Baba alimtoa binti, Sandro akamwibia, Filippo akamsamehe na kumwachia. Yeye je, alisema nini?

Sasa sikiliza ya nje ya sinema. Giannina aliigizwa na msichana wa miaka 17 kutoka Toronto, Kanada, aliyezaliwa akiitwa Gladys Smith. Ulimwengu ulikuja kumjua kwa jina la Mary Pickford. Sandro aliigizwa na Owen Moore. Wawili hao walipendana kwelikweli, wakaoana kisirisiri Januari 1911, kwani mama ya Mary hakumtaka kijana huyo hata kidogo.

Mary akapata umaarufu mkubwa mno. Mwaka wa 1919 alianzisha kampuni ya United Artists pamoja na Griffith yuleyule, Charlie Chaplin na Douglas Fairbanks. Moore hakufika mbali hivyo. Alizama katika ulevi, na mafanikio ya mkewe yakawa mwiba kwake. Walitalikiana Machi 1920, na mwezi huohuo Mary akaolewa na Fairbanks.

Ukibahatika kuiona sinema hiyo, mtazame Moore anapozibadilisha fidla zile akidhani anajiokoa. Ndoa yao ilikuwa bado haijafungwa.