Ramani wamepewa mashine, sisi tumeachwa tupapase

Wasikilizaji wa Uvira, nanyi familia mlioko kwenye mahema na kwa jamaa kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, leo nina ugomvi na mashirika yanayotuambia kila mara kwamba "habari zote ziko kwenye tovuti yetu".

Ziko wapi? Mama aliyepotezana na mtoto Februari 2025, watu walipokuwa wakikimbia Bukavu na bonde la Ruzizi, hana saa nzima ya kupekua. Simu ni ya kuazima, mega ni za kuhesabu, betri inaisha. Anafungua: picha kubwa ya mtoto anayecheka, neno la mkurugenzi, nembo za wafadhili. Anabonyeza, anabonyeza tena, mega zimekwisha. Habari anayoitaka imo, ila imezikwa ndani ya faili la PDF chini ya kichwa "Protection". Nani hapa Mulongwe huamka asubuhi akisema anatafuta protection? Anatafuta mtoto wake.

Dawa ipo, na ni ya zamani: ramani ya tovuti, ile ambayo kwa Kifaransa huitwa "plan du site". Ni ukurasa mmoja wa maandishi matupu unaotaja kila kilichomo, na kila jina ukiligusa linakupeleka penyewe. Kwetu neno "site" linaleta mahema akilini kwanza, na huko kwenye mahema mgeni wa siku moja huonyeshwa mara moja: bomba lile, vyoo kule nyuma, kamati inakaa hapa. Kwenye tovuti hakuna wa kumwonyesha.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ramani nyingine tayari wanayo. Mwaka 2005 Google ilileta mtindo wa ramani inayosomwa na mashine zake, na mwaka 2006 Yahoo na Microsoft wakaukubali. WordPress, programu inayojenga tovuti nyingi sana duniani, inaitengeneza yenyewe tangu Agosti 2020, miezi minne baada ya mto Mulongwe kutubomolea nyumba. Basi mashine iliyoko mbali inapewa orodha kamili, na mwenye shida aliye hapa anapewa picha.

Watasema: watu watafute kwa Google. Anayetafuta lazima ajue neno la kuandika, na neno lake ni la Kiswahili wakati ukurasa ni wa Kifaransa cha ofisi. Watasema pia tunatuma WhatsApp. Ujumbe wa WhatsApp huzunguka bila tarehe. Mtu anatoka Kilomoni kwa miguu kufuata mgao uliokwisha zamani. Kanuni za W3C za mwaka 2008 zenyewe zinataka kurasa zipatikane kwa njia zaidi ya moja, na ramani ni mojawapo.

Kazi yenyewe ni ya siku moja. Andikeni kwa Kiswahili, kwa maneno ya shida: mtoto amepotea, chakula, maji, matibabu, pa kupeleka malalamiko. Ondoeni picha. Wekeni tarehe kando ya kila jina, na kiungo cha ramani juu kabisa ya kila ukurasa, si chini kwenye herufi za mchwa. Mpeni mtu mmoja jukumu la kufuta yaliyokwisha, maana ramani ya mwaka jana inapoteza watu vibaya kuliko kukosa ramani.

Na ninyi vijana wenye simu nzuri, msingoje. Mkiombwa kumtafutia mtu habari, shukeni hadi mwisho wa ukurasa mtafute "Plan du site". Msipoiona, andikeni jina la tovuti, kisha /sitemap.xml. Mara nyingi itafunguka orodha ya mashine, mbaya kuitazama, lakini majina ya kurasa husomeka. Inakiliini kwenye daftari, mbandike nakala mahali watu wanapochajia simu. Agenti wa shirika akija kwenye kikao, mwonyesheni daftari hilo na mumwulize kwa nini mmelazimika kuliandika.