Kunung'unika Bombani Hakutoshi

Wandugu wa Katuba, Kenya na Ruashi! Tarehe 20 Desemba 2023 mlipiga kura ya washauri wa komini, lakini kilio cha maji bado kinaishia bombani. Andikeni! Katiba ya 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi, peke yake au pamoja na wenzake, na wakubwa wapaswa kujibu ndani ya miezi 3. Wala mtu asishitakiwe kwa kuomba.

Barua iseme jambo moja, chini yake majina na sahihi. Fanyeni mbili: ya pili irudi nyumbani na muhuri na tarehe. Bila tarehe, miezi 3 itahesabiwa tangu lini? Karani akitaka matabishi kwanza, rudini kesho, watu 20.