Gitaa Zito la Besi Kanisani: Tununue Lipi, na Lisikike Kiasi Gani?



Kwa majuma kadhaa sasa, kila Dominika baada ya Misa ya pili, mjadala mmoja umekuwa ukirudi pale chini ya mwembe. Kwaya yetu imeomba kununuliwa gitaa zito la besi pamoja na amplifaya yake, na michango ya jumuiya ndogondogo imekwisha kufika mahali ambapo ununuzi waweza kufanyika. Mbele ya Halmashauri ya Walei yapo maoni mawili. Vijana wameleta orodha: gitaa la nyuzi tano, amplifaya ya wati 800, na masanduku mawili marefu yenye spika nne kila moja. Baadhi ya wazee nao wamesema kwa kifupi kwamba gitaa la dansi lisikanyage altareni. Kwa kuwa fedha hii imetoka katika mifuko ya watu wanaouza vitumbua na mkaa, haitafaa sisi tuliokabidhiwa kuichunga tukae kimya. Maoni yetu ni haya: gitaa linunuliwe, tena zuri, amplifaya iwe ya kiasi, na kabla ya vyote viwili, umeme wa kanisa utengenezwe.

Tuanze na wazee, maana hofu yao ina historia. Mwaka 1903, tarehe 22 Novemba, siku ya Mtakatifu Sesilia somo wa wanamuziki, Papa Pio wa Kumi alitoa maagizo juu ya muziki mtakatifu, na humo alikataza kanisani piano, ngoma, matoazi na vyombo vingine vya kelele. Anayelikataa gitaa kwa kutegemea maagizo hayo hana budi kuzikataa pia ngoma na kayamba, ambazo leo hakuna mzee wetu hata mmoja angependa ziondolewe siku ya Pasaka. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulikipa heshima ya pekee kinanda cha mabomba, kisha ukafungua mlango kwa vyombo vingine, kwa kibali cha mamlaka ya Kanisa mahali husika, iwapo vyafaa kwa matumizi matakatifu, havivunji hadhi ya nyumba ya Mungu, na kweli vinawajenga waamini. Maagizo ya mwaka 1967 yaliyofuata yakaongeza sharti ambalo tungependa liandikwe ukutani katika chumba cha kwaya: chombo husindikiza na kutegemeza sauti za watu, wala kisizifunike hata maneno yakapotea. Sheria ya Kanisa, basi, hailipimi gitaa kwa kuuliza limetoka ukumbi gani, bali kwa kuuliza linawatendea nini waimbaji.

Twafahamu kwamba mwenzetu aliyekuwa kijana enzi za NUTA Jazz, bendi iliyoanza mwaka 1964 na ambayo leo twaijua kama Msondo Ngoma, akisikia besi ikinguruma hukumbuka ukumbi na si Zaburi. Hatumlaumu. Lakini chombo chenyewe hakikuzaliwa dhambini. Leo Fender wa California alikitoa mwaka 1951 kwa shida iliyo ya kawaida kabisa: fidla kubwa ya kusimamisha wima ilikuwa mzigo kubeba, haikusikika vizuri kati ya vyombo vingine, na kwa kuwa haina freti, mpigaji alipaswa kuitafuta noti kwa sikio na kidole. Fender akaweka freti, akaweka umeme, akaliita gitaa lake Precision Bass, yaani besi ya uhakika. Ni kifaa cha kazi, kama jembe.

Na kazi yake kanisani ipo. Sauti ya nne katika kwaya zetu nyingi imebaki na wanaume wawili watatu, na mmoja wao kwa kawaida yuko safarini. Gitaa la besi huwapa wanaoimba sakafu ya kukanyagia. Huwaambia wimbo uko wapi, unakwenda wapi, na pigo linaangukia wapi. Mwimbaji asiyejua noti hata moja huusikia msingi huo mwilini, akashika sauti yake. Hapo ndipo tunapowaunga mkono vijana bila kusita.

Sasa gitaa lenyewe. Nyuzi nne zatosha. Uzi mnene kuliko yote katika besi ya nyuzi nne, ule wa E, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Noti ya chini ambayo mwanamume wa sauti ya nne huandikiwa katika nyimbo zetu kwa kawaida huwa karibu na E iliyo oktava nzima juu ya hapo. Maana yake ni kwamba gitaa la nyuzi nne tayari lashuka chini kupita shimo la sauti ya mwanadamu yeyote kwaya yetu itakayempata. Uzi wa tano hushuka hadi mitetemo kama 31 kwa sekunde, mahali ambapo spika nyingi za bei ya kawaida hazitoi noti tena bali mtikisiko tu. Kuulipia uzi huo ni kununua ghorofa ya chini isiyo na mpangaji.

Kuna magitaa yenye mtambo wa ndani unaotumia betri ya volti 9, na mengine yasiyo na betri. Tungependelea hayo ya pili. Betri ina tabia ya kuisha katikati ya Utukufu, na duka la kuuza betri Jumapili asubuhi halipo karibu nasi. Halafu zitazamwe pikapu, na hapa hatusemi magari: ni zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, zinazonasa mtetemo. Gitaa la mtindo wa Precision, tangu mwaka 1957, lina pikapu iliyogawanywa vipande viwili vinavyofutiana mvumo wa umeme. Lile la mtindo wa Jazz Bass, lililotoka mwaka 1960, lina pikapu mbili za koili moja moja. Lina sauti tamu na yenye makali kidogo, lakini mpigaji akipunguza mojawapo, mvumo hurudi. Katika ukumbi wa harusi hakuna atakayeutambua mvumo huo. Wakati wa mageuzo, kanisa likiwa kimya na kengele imekwisha kulia, utasikika mpaka mlangoni. Kwa sababu hiyo moja tungechagua mtindo wa Precision, iwe imetengenezwa na Fender wenyewe, na Squier ambayo ni chapa yao ya bei nafuu, au na kampuni nyingine yenye kazi ya kuaminika kama Yamaha.

Jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa lisituzuzue, kwani majina hughushiwa. Mwalimu wa kwaya achukue gitaa mkononi, atazame shingo kwa kuilinganisha na uzi kama fundi seremala atazamavyo ubao, apige kila freti asikie kama kuna noti inayokwaruza, kisha alinganishe noti ya freti ya kumi na mbili na sauti ya kengele ya uzi ule ule hapo hapo. Zikipishana na fundi ameshindwa kuzirekebisha, tuondoke dukani. Gitaa lililotumika miaka kumi likatunzwa laweza kuwa bora kuliko jipya linalong'aa. Na tungeshauri nyuzi laini, zile zilizozungushiwa utepe bapa: hazipigi kelele za kidole kinapoteleza, noti yake ni ya mviringo na hufa mapema, nazo hudumu muda mrefu sana. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za Motown kule Detroit, alitumia nyuzi za namna hiyo.

Tunafika kwenye amplifaya, na hapa ndipo ugomvi wenyewe ulipo. Wengi wetu tunadhani wati 800 ni sauti mara nane ya wati 100. La hasha. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida kidogo. Ili sauti isikike kuwa kubwa maradufu, nguvu huhitaji kuongezwa kama mara kumi. Ni kweli kwamba besi yahitaji wati nyingi kuliko kinanda, kwa sababu sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini, na kwamba amplifaya ya gitaa la solo isitumike kwa besi, kwani spika yake itachanika. Lakini kanisa letu lina kuta za matofali, sakafu ya saruji na mabati juu. Sauti nyembamba humezwa na nguo na miili ya watu. Sauti nzito hubaki ikizunguka kutoka ukuta hadi ukuta. Wimbi la ule uzi wa E lina urefu wa zaidi ya mita nane. Humo ndani halina pa kulala.

Amplifaya ya wati 100 hadi 150, yenye spika moja ya inchi 12 au 15 ndani ya sanduku lilelile, yatutosha kwa Misa. Isiwekwe kwenye kona, kwa maana kona huikuza sauti nzito na kuifanya matope. Iinuliwe juu ya kiti imara na kuinamishwa nyuma kidogo, ielekee sikio la mpigaji. Mpigaji ambaye amplifaya yake inapuliza magotini hajisikii vizuri, naye hupandisha sauti, na mpiga kinanda humfuata, na waimbaji wakasogeza vipaza sauti midomoni, na mwisho wake tunaujua sote kwa masikio yetu wenyewe. Jambo moja tu tungedai lisikosekane katika amplifaya hiyo: tundu la kupeleka sauti kwenye miksa.

Tundu hilo ndilo jibu letu kwa vijana, ambao wana hoja. Wanasema kwaya haiimbi ndani ya kuta tu. Kuna Misa ya Kipaimara uwanjani, kuna maandamano ya Ekaristi, kuna harusi, kuna mashindano ya kwaya ya dekania. Nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti, na besi hupotea hewani kama moshi. Pale wati 150 ni mzaha. Sawa. Lakini siku hizo kwa mwaka zahesabika kwa vidole, na siku hizo hukodiwa mitambo mikubwa pamoja na fundi wake. Amplifaya ndogo ikichomekwa kwenye miksa ya mitambo hiyo, kijana wetu atasikika uwanja mzima. Kununua masanduku mawili ya spika nane ili yafanye kazi siku nne, kisha siku zilizobaki yaligubike kanisa, hakutupatii hesabu njema. Na ikiwa sababu iliyofichika ni kwamba parokia jirani wana makubwa zaidi, basi tuseme wazi kwamba fedha ya jumuiya haikuchangwa kwa ajili hiyo.

Tunalisema hili kwa uchungu kidogo, kwa kuwa tumekiona kinachotokea. Dominika moja mwaka huu umeme ulikatika kabla ya wimbo wa mwanzo. Kwaya ikaimba kwa ngoma moja. Kufikia Zaburi ya wimbo wa katikati, kiitikio kilikuwa kinatoka kwa watu: kinamama wa WAWATA upande wa kushoto, wazee nyuma, watoto wa Kipaimara. Umeme uliporudi kabla ya vipaji, spika zikawaka, na midomo ikafungwa tena. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Mtu asiyejisikia mwenyewe akiimba huacha kuimba, kisha huketi akatazama, kama mtu aliyekuja kwenye onyesho. Mtume Paulo, katika sura ya kumi na nne ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anauliza filimbi au kinubi vitatambulikanaje ikiwa sauti zake hazipambanuliwi. Sijui kama angesema nini juu ya spika nane, lakini swali lake latosha.

Yafaa pia mpigaji ajue mapema mahali pa kunyamaza. Wakati padre anaposali sala zake, Sala ya Ekaristi hasa, hakuna chombo kinachopigwa, hata kwa upole. Katika Kwaresima vyombo hutumika kwa kutegemeza uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Kijana anayepiga bendi ya mtaani Jumamosi usiku, na tunaye mmoja mwenye kipaji tusichotaka kukipoteza, ataona ukimya huo ni mgumu kuliko kupiga. Afundishwe. Sehemu ya mchango ilipe nauli na posho ya mwalimu wa kumfundisha.

Na sasa umeme. Soketi za upande wa kwaya hazina waya wa ethi. Mpiga gitaa hushika nyuzi za chuma, na mdomo wake hugusa kipaza sauti cha chuma. Vifaa hivyo viwili vikiwa kwenye umeme usio na ethi, mwili wake waweza kuwa njia ya umeme kupita. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani huko Swansea, mbele ya watu, kwa kugusa kipaza sauti kisichokuwa na ethi. Hatutaruhusu gitaa lolote, hata la kuazima, lichomekwe upande ule kabla fundi mwenye leseni hajachimbia ethi na kuipima. Ikibidi gharama hiyo itoke katika fedha ya amplifaya, na itoke. Vilevile tusinunue kifaa kilichotoka Marekani bila kutazama nyuma yake: kilichoandikwa volti 120 pekee kitaungua siku ya kwanza katika umeme wetu wa 230.

Jumamosi ijayo, saa kumi alasiri, mwalimu wa kwaya ataleta magitaa mawili na amplifaya mbili za kujaribu, ndogo na kubwa. Tunawaomba VIWAWA waje, lakini zaidi tunawaomba wazee na kinamama waje wakae viti vya nyuma kabisa, vitabu vya nyimbo mkononi. Tutaimba nyimbo tatu ambazo kila mtu anazijua. Walio nyuma ndio watakaotuambia ni amplifaya ipi ilipopigwa waliweza bado kumsikia jirani yao.