Virunga si jina la vita tu

Mkaaji wa Beni akisikia neno Virunga, mawazo yake yanaenda porini: waasi wa ADF, mashamba yaliyoachwa, watu waliouawa. Lakini huko Nairobi na Dar es Salaam kuna wazee ambao jina hilo hilo linawakumbusha muziki.

Samba Mapangala alizaliwa Matadi, mbali sana na Kivu. Katika miaka ya 1970 alikuwa Kampala na kundi la Les Kinois, na mwaka 1977 wakahamia Nairobi. Mwaka 1981 akaunda Orchestra Virunga, akiipa jina la milima ya volkano ya huku mashariki. Waliimba Kilingala na Kiswahili. Wimbo wao Malako ulipendwa Kenya, Uganda na Tanzania, hata kama kundi halikufikia sifa ya Franco wala Tabu Ley.

Redio za Butembo na Beni zinafanya vizuri kutangaza mashambulizi. Habari hizo zinaokoa maisha. Ila mtoto wa familia iliyokimbia Eringeti ao Mbau asikue akijua kwao kama mahali pa kufia tu. Kwao watu walicheza, walioa, waliimba.

Redio zitenge nusu saa kila juma. Zipige nyimbo za Virunga, kisha zimpe mzee mkimbizi kipaza sauti aeleze makundi na nyimbo za kijiji chake. Nyumba ikichomwa itajengwa tena. Mzee akifa bila kuulizwa, nyimbo zake zinazikwa naye.